Mbona daktari amesema hatua ya kwanza, na karatasi inasema "pozitivu"?

Wiki hii nilikuwa nimepanga tuendelee na mada ya watoto wanaokataa kula. Naiahirisha, kwa sababu Jumapili usiku niliingiziwa ujumbe ambao hauwezi kusubiri zamu yake. Aliyeandika ni kijana wa mkoa wa Morogoro, kitinda mimba katika watoto wanne. Kwa ruhusa yake nimeufupisha.

"Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 63. Mwaka jana alianza kutokwa damu ukeni wakati hedhi ilishakoma zaidi ya miaka kumi. Alipimwa, ikaonekana ni saratani ya mji wa mimba, akafanyiwa upasuaji wa kutoa kizazi pamoja na mirija na ovari zote mbili. Anaendelea vizuri, anapika mwenyewe. Daktari alituambia ni hatua ya 1B, akatuandikia twende Dar kwa mionzi ya ndani. Shida ilianza nilipokwenda kuchukua majibu ya maabara. Mwisho kabisa wa karatasi kuna mstari unaosema majimaji ya tumboni ni pozitivu, yana seli za saratani. Usiku huo nikaingia mtandaoni, nikasoma kwamba seli zikikutwa kwenye majimaji ya tumbo hiyo ni hatua ya tatu. Nikapeleka kwenye grupu la familia. Dada mkubwa anasema daktari alituficha, na kama imeshasambaa tumboni tusimtese mama kwa mionzi, tumpeleke kwa mzee mmoja anayetibu kwa mizizi. Kaka anasema tuuze shamba la Kilosa tumpeleke India. Mama mwenyewe hajui lolote kuhusu hayo majimaji. Kikao ni Jumamosi. Tufanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Gazeti linatoka kabla ya Jumamosi, kwa hiyo nakujibu hapa hapa, na wazazi wengine wasome.

Jibu fupi kwanza. Kwa maelezo uliyonipa, daktari wenu hakuwaficha kitu. Na ukurasa uliousoma nao haukutunga uongo. Umeandikwa kwa kanuni ya zamani, iliyobadilishwa mwaka 2009. Zamani mama yako angeandikiwa hatua ya tatu kwa mstari ule mmoja tu. Leo haandikiwi hivyo. Sababu ya mabadiliko hayo ndiyo nataka tuielewe vizuri, maana bila kuielewa mtagombana bure siku ya Jumamosi.

Tuanzie kwenye mji wa mimba wenyewe. Una umbo la parachichi lililopinduliwa, kichwa kinene juu, shingo nyembamba chini. Ile shingo ndiyo mlango wa kizazi, na saratani yake ndiyo tunayoisikia kila siku redioni, ile inayoletwa na kirusi cha HPV, ambayo wasichana wetu wanachanjwa kuizuia. Ya mama yako ni nyingine. Hii huanzia kwenye utando wa ndani wa lile parachichi, utando ule ule unaobomoka na kutoka kama hedhi mwanamke anapokuwa kijana. Nje ya utando kuna ukuta mnene wa msuli. Juu, kushoto na kulia, kuna mirija miwili inayokwenda kwenye ovari.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui: mirija hiyo haina kifuniko upande wa pili. Inafunguka moja kwa moja ndani ya tumbo. Ndiyo maana yai linaweza kuingia. Na ndiyo maana kitu kilichomo ndani ya kizazi, ikiwemo seli iliyobanduka kwenye uvimbe, kinaweza kupita kwenye mrija na kudondokea tumboni.

Madaktari wa upasuaji wameijua njia hiyo miaka mingi. Kwa hiyo tumbo linapofunguliwa, au kamera inapoingizwa, kabla hajakigusa kizazi, daktari hutazama kama kuna majimaji. Akiyakuta, huyavuta kwa bomba la sindano. Asipoyakuta, humimina maji ya chumvi, yale yale ya dripu, kiasi cha kikombe kidogo cha chai, kwenye nyonga na pembeni mwa utumbo mpana. Huyaacha yazunguke kidogo, kisha huyavuta tena na kuyapeleka maabara. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano, na mgonjwa amelala usingizi wa dawa, hahisi chochote. (Tafadhali msiichanganye na "kusafishwa kizazi" kwa mwanamke ambaye mimba imeharibika. Ni mambo mawili mbalimbali.)

Maabara, majimaji huzungushwa kwenye mashine kwa kasi mpaka seli zikae chini kama mashapo ya kahawa. Mashapo hayo hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, kisha mtaalamu wa patholojia huyatazama kwa hadubini, seli moja moja. Rangi inayotumika zaidi ilibuniwa na Georgios Papanikolaou, daktari mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi New York. Kina mama waliowahi kupimwa "pap smia" wamelitamka jina lake nusu bila kujua.

Kwa hiyo mstari ule wa mwisho kwenye karatasi yenu unamaanisha hivi: katika majimaji yaliyovutwa, mtaalamu ameona seli zenye sura ya saratani. Basi. Hausemi kwamba kuna uvimbe tumboni, wala kwamba utumbo au ini limeshikwa. Najua neno "pozitivu" lina uzito wake kwetu, tumelizoea kwenye kipimo cha Ukimwi, ambako kuwa pozitivu ni kuwa na ugonjwa, hakuna katikati. Hapa halifanyi kazi kwa namna hiyo.

Sasa hiyo kanuni ya zamani.

Mwaka 1981, William Creasman na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 167 ambao saratani yao ilidhaniwa kuwa bado iko ndani ya kizazi tu. Kwa 26 kati yao, majimaji ya tumbo yalikutwa na seli za saratani, na kwa kundi hilo ugonjwa ulirudi mara nyingi zaidi kuliko kwa wale ambao majimaji yao yalikuwa safi. Habari hiyo iliwashtua madaktari. Mwaka 1987 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 621, na 76 kati yao walikuwa na majimaji yenye seli, yaani 12 katika kila 100. Mwaka uliofuata, 1988, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, lile linaloitwa FIGO kwa kifupi, likapanga upya hatua za saratani hii na likaamua: majimaji yakiwa na seli, mgonjwa ni hatua ya 3A, hata kama kila kitu kingine ni safi.

Uamuzi kama huo huwa na gharama, na waliobeba gharama ni wagonjwa. Hospitali nyingine zilikuwa zikiwamiminia wanawake hao fosforasi yenye mionzi ndani ya tumbo ili iue seli zinazoelea. Baadhi yao waliishia na matumbo yaliyoshikamana na matatizo makubwa ya utumbo, hasa waliopewa na mionzi ya nje juu yake.

Kadiri miaka ilivyokwenda, madaktari wakaanza kujiuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema. Wale wanawake waliokuwa na majimaji yenye seli, walikuwa na nini kingine? Walipochambua waliona kwamba wengi wao walikuwa pia na saratani iliyozama ndani ya msuli, au ya aina kali, au iliyokwisha kufika kwenye ovari na mitoki. Sasa ni kipi kilichorudisha ugonjwa? Majimaji, au hayo mengine? Ukimtenga mwanamke ambaye saratani yake ni tulivu, haijazama, haijafika popote, ila majimaji tu ndiyo yana seli, picha inakuwa nyepesi zaidi. Tafiti nyingine zilimkuta akiendelea vizuri karibu sawa na wenzake.

Tena kuna suala la seli zenyewe zimefikaje kule. Mgonjwa akiwa amechunguzwa kabla ya upasuaji kwa kamera inayopitishwa ukeni, kizazi hujazwa maji ili kifunguke na kuonekana. Maji hayo yanaweza kusukuma seli chache kupitia mirija hadi tumboni. Zimesukumwa na kipimo, hazikwenda zenyewe. Na seli iliyoelea si lazima ichipue. Ukikung'uta mchicha uani, mbegu nyingi huishia juu ya saruji.

Kwa hiyo mwaka 2009 FIGO ikayatoa majimaji kwenye hesabu ya hatua. Ikasema: yapimeni, yaandikeni kwenye ripoti, lakini kando, yasimpandishe mgonjwa hatua. Ndiyo maana mstari wenu umekaa peke yake mwishoni kama mtoto wa kambo. Mpangilio ulipofanyiwa marekebisho makubwa tena mwaka 2023, waliongeza aina ya seli na hata vipimo vya vinasaba vya uvimbe. Majimaji hayakurudishwa.

Hapo ndipo daktari wenu alipopata 1B. Hatua ya kwanza maana yake saratani imebaki kwenye mwili wa kizazi. Herufi B, kwa saratani ya aina isiyo kali, inasema imezama nusu ya unene wa msuli au zaidi. Mtandao ulikupa kanuni ya 1988, daktari akakupa ya sasa. Kurasa za zamani hazifutwi, mwanangu, na hazina tarehe ya kuisha kama dawa ya kikohozi.

Je, basi mstari ule tuupuuze?

Hapana, na hapa naomba dada yako mkubwa asome kwa makini, maana wasiwasi wake una mahali pa kukaa. Baada ya 2009, watafiti wa Marekani walirudi kwenye kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa wa hatua za mwanzo, na wakaona kwamba kwa wastani wale wenye majimaji pozitivu waliishi muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo mjadala haujafungwa. Wapo madaktari wanaoona mstari ule ni sababu ya kufikiria dripu za kemo. Wapo wanaosema, ikiwa kila kitu kingine ni kizuri, fuatilia mgonjwa kwa karibu na usimwongezee sumu. Maoni yangu mimi: majimaji peke yake yasiamue chochote. Yasomwe pamoja na mistari iliyo juu yake, na mistari ya juu ndiyo yenye nguvu.

Mistari gani? Chukua ile karatasi, kaa na daktari aliyewatibu, na muulize moja moja. Kwanza aina ya seli. Nyingi ni za aina inayoitwa endometrioidi, ambayo kwa kawaida hukua taratibu. Lakini ipo aina iitwayo serosi, hiyo ni kali na ina tabia ya kusambaa tumboni mapema hata uvimbe ukiwa mdogo. Kwa serosi majimaji yenye seli yana uzito mwingine kabisa, na kwa kawaida mgonjwa hupewa kemo hata kama hatua inasomeka ya mwanzo. (Marekani, wanawake weusi hupata aina hizi kali kwa kiwango kikubwa kuliko weupe. Kwa hiyo kwetu swali hili lisirukwe.) Pili, daraja. Daraja si hatua, na familia nyingi huzichanganya. Hatua inasema saratani imefika wapi, daraja linasema seli zimeharibika sura kiasi gani. Mtu anaweza kuwa hatua ya kwanza, daraja la tatu. Halafu uliza kama seli zimeonekana ndani ya mishipa midogo ya damu na limfu kwenye ukuta wa kizazi, kama mitoki ilichukuliwa na imekutwaje, na kama mlango wa kizazi, ovari na mirija ni safi.

Mwisho muulize hivi, kwa adabu, bila kumshutumu: "Daktari, tumeona majimaji yana seli. Je, yanabadilisha chochote katika mpango wa mama?" Atakujibu. Daktari anayejua kazi yake haoni ubaya kuulizwa hivyo, na kwenye hospitali kubwa kesi kama hii inaweza kupelekwa mbele ya jopo la madaktari wa upasuaji, mionzi na patholojia wakaijadili pamoja. Ombeni ipelekwe.

Swali jingine linaloruhusiwa ni kama majibu ya majimaji yenyewe ni ya uhakika. Tumbo limefunikwa ndani kwa utando, na seli za utando huo zikisumbuliwa na uambukizi, na upasuaji wa nyuma au na damu tu, huvimba na kubadilika mpaka zikafanana na saratani. Mtaalamu mzoefu huzitofautisha, wakati mwingine kwa kutumia rangi maalumu za ziada. Ndiyo maana ripoti nyingine husema seli "si za kawaida" au "zinatiliwa shaka" bila kusema moja kwa moja ni saratani. Hilo ni jibu halali, si uzembe. Kinyume chake pia kipo: majimaji yakikaa mezani muda mrefu bila friji wala dawa ya kuhifadhi, seli huharibika, na jibu la "hakuna seli" linakuwa halina maana. Mnaweza kuomba slaidi zitazamwe na mtaalamu wa pili. Mkienda Dar nendeni na karatasi zote, na mwombe hospitali iwape slaidi pamoja na bloku, vile vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta. Nimeona familia zikirudishwa mkoani kufuata bloku, na nauli inakwenda bure.

Kwa msomaji ambaye mama yake alipasuliwa na karatasi haina kabisa mstari wa majimaji: usikimbilie kudhani daktari alikosea. Si kila mahali yanachukuliwa, na kukosekana kwake hakuharibu upangaji wa hatua.

Pia kuna jambo ambalo linafanana na hili lakini si hili. Ni tumbo lililojaa maji lenyewe, likavimba kama la mjamzito, nguo zikagoma kufunga. Maji hayo yakivutwa na kukutwa na seli za saratani, habari ni nzito zaidi, kwa sababu kwa kawaida kuna kitu tumboni kinachoyatengeneza, mara nyingi saratani ya ovari. Lakini kwetu Afrika Mashariki maji tumboni huletwa pia na kifua kikuu cha tumbo, na ini lililoharibika, na moyo. Mwanamke mwenye tumbo la maji asihukumiwe saratani kabla maji hayajapimwa, na kifua kikuu kinatibika.

Sasa nyumbani kwenu. Mionzi ya ndani aliyoandikiwa mama hupatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na imekuwa ikitolewa pale miaka mingi. Kifaa chembamba huwekwa ukeni kwa muda mfupi, mionzi inatoka, kifaa kinatolewa, na kwa mashine za sasa mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hurudiwa mara chache. Lengo lake ni kuzuia saratani isirudi pale juu ya uke kizazi kilipokatwa, ambapo ndipo hupenda kurudi. Si tiba ya kumtesa mtu anayekufa, kama dada anavyoogopa. Ni tiba ya mtu anayetarajiwa kuishi. Kwa kawaida huanza wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji, kidonda kikishapona. Kwa hiyo hesabuni wiki. Ninachokiogopa kwenye barua yako ni hicho, kwamba vikao vitakula wiki hizo huku mkibishana juu ya mstari ambao haukubadilisha hatua.

Kuhusu shamba la Kilosa, sioni katika uliyoniandikia jambo ambalo ni lazima lifuatwe India. Kabla ya kuuza ardhi kaeni na daktari wa Ocean Road, msikie mpango wote, muulize bima ya mama inabeba nini. Shamba likishauzwa halirudi, na mama huyu atahitaji nauli ya kliniki kwa miaka, kwa sababu ufuatiliaji wa saratani hii huendelea kama miaka mitano.

Kuhusu mzee wa mizizi nitasema wazi. Sina ugomvi na mtu anayempa mama chai ya mchaichai. Nina ugomvi na mtu atakayemwambia aache mionzi. Na dawa za kunywa ambazo hamjui zina nini, mwambieni daktari kabla, kwa sababu baadhi ya mizizi huumiza figo na ini wakati mwili bado unapona.

Limebaki moja, na kwangu ndilo gumu kuliko majimaji. Watoto wanne wamesoma karatasi ya mama, wameitafsiri, wamegombana juu yake, wamepanga kuuza shamba, na mwenye tumbo hajui. Najua mmefanya kwa mapenzi. Lakini mama wa miaka 63 aliyezaa na kulea watoto wanne ameshasikia mambo makubwa kuliko haya. Ataona mnanong'ona, ataona simu zinafichwa, na atakachojitungia kichwani kitakuwa kibaya kuliko ukweli. Mwambieni kabla ya kikao, si baada. Mtu mmoja tu amwambie, anayezoeana naye, kwa maneno mepesi: kizazi kimetolewa, hatua ni ya kwanza, kuna seli zilionekana kwenye maji yaliyooshea tumbo, tunakwenda kumuuliza daktari zina maana gani, na kuna mionzi ya kumalizia. Kisha mmuulize yeye anataka nini. Huenda mkashangaa jinsi jibu lake litakavyofupisha kikao.

Kwa kina mama wengine mnaosoma, jambo la kubeba liko kwenye mstari wa tatu wa barua ya kijana huyu: damu baada ya hedhi kukoma. Karibu wanawake 90 katika 100 wanaopata saratani hii baada ya kukoma hedhi hutanguliwa na dalili hiyo. Wengi wa wanaotokwa damu hawana saratani, ni kama 9 tu katika 100 ndio wanaokutwa nayo, lakini huwezi kujijua uko upande gani ukiwa umekaa nyumbani. Hata tone moja kwenye nguo ya ndani, hata kama limekuja mara moja likakata, nenda ukapimwe. Usiridhike ukiambiwa mlango wa kizazi ni safi, kwa sababu kipimo cha siki na pap smia havikutengenezwa kuutazama utando wa ndani. Unahitaji altrasaundi kupitia ukeni, na mara nyingi kuchukuliwa kinyama. Unene mkubwa, kisukari, kutowahi kuzaa, na dawa ya saratani ya matiti iitwayo tamoksifeni huongeza hatari. Na ninyi mabinti wenye miaka thelathini au arobaini ambao hedhi inakuja mara mbili kwa mwaka, halafu ikija haikatiki, msiseme ni kawaida yenu.

Dada zako, mwanangu, nao wamweleze daktari wao kwamba mama alipata saratani ya mji wa mimba. Kama kuna mjomba, shangazi au babu upande wa mama aliyepata saratani ya utumbo mpana, hasa kabla ya miaka 50, mlitaje na hilo, kwa sababu kuna hitilafu ya kurithi inayoziunganisha saratani hizo mbili, na anayejulikana kuwa nayo huanza kuchunguzwa mapema.